Kibaraza cha Baba Vai

Mwalimu Ferdinand hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa Kidato cha Tatu katika shule moja ya kutwa huko Kawe, bado kijana, mpenda lugha, na muhula ule aliwapa wanafunzi wake kazi aliyodhani itawachangamsha. Kila kundi litafute blogu moja ya zamani ya Kiswahili, lieleze nani aliianzisha, aliandika nini, na kwa nini aliacha.

"Nyie mmezaliwa mkakuta kila mtu ana ukurasa wake," aliwaambia. "Kabla ya hapo watu walikuwa na blogu. Nyingi bado zipo huko huko mtandaoni, zimekaa kama nyumba zilizohamwa. Nendeni mkabishe hodi."

Kundi la Gladness likaenda kubisha hodi, likamkuta Vaileth ndani.

Siku ya kuwasilisha kazi, projekta ilimulika ukutani picha ya mwanamume mwembamba aliyevaa shati la mistari, akitabasamu kama mtu aliyeshtukizwa. Juu yake palikuwa na maandishi mekundu: Kibaraza cha Baba Vai. Vaileth, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, alimtambua baba yake kabla hajayasoma maandishi. Alijua kwamba zamani baba alikuwa akiandikaandika mtandaoni, kama mtu anavyojua kwamba baba yake aliwahi kucheza mpira. Hakuwahi kufikiria kwenda kutazama.

Gladness alianza vizuri tu. Alieleza kuwa mwenye blogu ni Bwana Ansbert, karani, mzaliwa wa Bukoba, na kwamba alianza kuandika mwaka 2008 alipopata mtoto. Darasa likageuka kumtazama Vaileth, maana daftarini aliandikwa Vaileth Ansbert. Wengine wakapiga makofi. Mwalimu Ferdinand akasema, "Kumbe tuna mtoto wa mwandishi humu." Vaileth akatabasamu. Akaja kulijutia lile tabasamu baadaye.

Kisha Gladness akasema kundi lao lilichagua andiko moja la kuonyesha mtindo wa mwandishi, akalisoma kwa sauti. Lilikuwa la Desemba 2014 na liliitwa "Mbingu Imevuja".

"Wasomaji wangu," alisoma Gladness, "jana parokiani malaika Gabrieli alipanda jukwaani na mabawa yake ya pamba. Akafungua mdomo ili ampashe Maria habari njema. Habari haikutokea mdomoni. Ilipita njia ya chini, ikashuka mguu wa kushoto, ikajaza kiatu. Mama Vai akajifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Mie nikacheka hadi machozi, kisha, kwa kuwa nawapenda, nikampiga picha."

Na picha ikatokea ukutani. Mtoto wa miaka sita mwenye kanzu nyeupe iliyolowa kuanzia kiunoni, mabawa yamepinda, mdomo umeanza kukunjamana kwa kilio. Lilikuwa andiko zuri, hilo halina ubishi. Darasa zima lilicheka, na Mwalimu Ferdinand naye alicheka, kisha macho yake yakatua kwa Vaileth, akanyamaza ghafla na kuizima projekta. "Inatosha," alisema. "Kundi linalofuata." Lakini chini ya picha kulikuwa na anwani ya blogu, na Gladness alikuwa ameiandika ubaoni.

Kabla ya wiki kuisha, Vaileth hakuwa Vaileth tena. Alikuwa Malaika.

Malaika ni jina zuri, na uchungu ulikuwa papo hapo. Mtu akiitwa kikojozi anaweza kwenda kushtaki. Akiitwa malaika atashtaki nini? Wavulana walimwita kwa sauti laini akipita uwanjani. Wasichana walimpisha njia wakisema, "Jamani, malaika apite, sakafu isije ikateleza." Mama aliyeuza mihogo ya kukaanga getini, asiyejua lolote, aliwasikia akadhani ni jina la upendo, akaanza naye kumwita hivyo. Mwalimu wa zamu vilevile. Siku moja mkuu wa shule, mama mwenye huruma, alimshika bega mbele ya paredi akasema, "Huyu malaika wetu atatusomea dua leo." Shule nzima ikacheka, na mkuu wa shule akacheka pamoja nao, akifikiri wamefurahi.

Mama yake, Marietha, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alipoambiwa aliweka chini madaftari aliyokuwa akisahihisha. "Wakiona unaumia hawataacha," alisema. "Vumilia, mwanangu. Kidato cha Nne si mbali."

"Nihamisheni."

"Tukuhamishe wapi kusiko na simu?"

Jina lile lilikuwa na miguu mirefu kuliko yake.

Basi akawa kila akitoka shule anachukua simu ya mama yake, anakaa uani kwenye ngazi, na kusoma. Alitaka kujua watu wenzake wamekwisha kujua nini juu yake. Blogu ilikuwa ndefu. Alianza mwanzoni, akawa anapanda mwaka kwa mwaka.

Mwanzoni hakuchukia. Baba yake wa mwaka 2008 alikuwa kijana mpweke, karani wa kampuni ndogo ya uwakala wa forodha, mkewe yuko likizo ya uzazi, ndugu zake wote wako Bukoba. Aliandika kwa kalamu kazini, nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika, kisha jioni akaenda Kinondoni kwenye intaneti kafe ya Bwana mmoja aitwaye Muntazir, akalipia nusu saa, na kuyachapa mbio mbio kwenye kibodi iliyofutika herufi. Aliandika jinsi mtoto anavyopiga chafya. Aliandika kuhusu mvua, kuhusu bosi, kuhusu senene, panzi wa kuliwa, aliotumiwa kutoka nyumbani, na jinsi jirani alivyowakimbia. Waliokuwa wakiblogu kwa Kiswahili bado hawakuwa wengi, na walijuana. Pembeni mwa ukurasa palikuwa na majina ya blogu za wenzake, nao walitembeleana kama majirani: mmoja akiandika, wengine wanapita kuchungulia na kuacha maneno. Mtanzania mmoja aliyekuwa akisoma Umeå, huko Sweden kwenye baridi kali, aliandika kwamba kila asubuhi anafungua Kibaraza kabla ya kupiga mswaki. Vaileth alipolazwa kwa degedege akiwa na mwaka mmoja, watu ambao hawakuwahi kuiona hata nyumba yao walimwombea, Wakristo kwa Waislamu, maombi yakashuka ukurasa mzima.

Kisha zikaja blogu za picha. Harusi, misiba, wakubwa wakikata utepe. Watu walipenda kutazama kuliko kusoma, na matangazo yakafuata watu. Ansbert alilalamika andiko zima, halafu mwezi uliofuata akanunua kamera. Kisha Facebook ikawabeba wasomaji. Maoni yaliyokuwa hamsini yakawa ishirini, yakawa sita. Yule wa Umeå akaaga, akisema tuonane kule. Mwaka 2018 zikatoka kanuni za kutaka blogu zisajiliwe na kukatiwa leseni, na wengi wakafunga virago. Ansbert naye akaandika kwaheri fupi, na Kibaraza kikanyamaza.

Lakini katika kusoma, Vaileth aliona jambo ambalo labda baba yake hakuliona. Kadiri wasomaji walivyopungua, ndivyo yeye alivyozidi kuanikwa. Mwanzoni alikuwa mtoto anayepiga chafya. Baadaye kila maoni yalipokauka, baba alimtoa kama mtu anavyotoa sahani ya mwisho kabatini: godoro lililoanikwa kila asubuhi hadi akiwa na miaka tisa, na wasomaji wakishauri dawa, alivyofeli hesabu, alivyompenda mtoto wa jirani na barua aliyomwandikia, imepigwa picha. Na kila alipotolewa, maoni yalirudi.

Jumapili baada ya misa, baba akiwa sebuleni anapiga pasi mashati yake ya wiki, Vaileth aliiweka simu kwenye ubao wa pasi.

"Baba, naomba uifute."

Ansbert alivaa miwani, akatazama, na uso wake ukakunjuka kwa furaha. "Kumbe ipo? Eh! Hii ndiyo ile, hii. Marietha, njoo uone. Kibaraza bado kipo." Akaanza kusoma, akicheka peke yake.

"Baba. Shuleni wananiita Malaika."

Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa aliichomoa pasi kwenye umeme na kuketi. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Watu walikupenda sana humu," Ansbert alisema hatimaye. "Ulipoumwa, unajua ni wangapi walikuombea?"

"Hawakunijua. Walikujua wewe."

"Mie niliandika kwa mapenzi, Vai. Sikuandika ili nikuaibishe."

"Najua. Nimesoma yote."

Maneno hayo yalimwuma Ansbert kuliko kama angetukanwa. Alizungusha miwani mikononi. "Kwetu gazeti likishasomwa linafungiwa maandazi," alisema. "Nilidhani na hii ni hivyo hivyo. Unaandika leo, kesho imeliwa na mafuta. Nani angejua itakaa?"

"Mie nilikwambia," Marietha alisema kutoka mlangoni.

"Ulisema."

Siku ile ile alianza kujaribu kuifuta. Haikuwezekana. Nywila alikuwa ameisahau, na barua pepe ya kuibadilishia ilitumwa kwenye anwani ya ile kampuni ya uwakala, iliyokufa zamani, na anwani zake zote zikafa nayo. Akajaza maelezo mtandaoni, akaambiwa na mashine kwamba haikuweza kuthibitisha kuwa yeye ndiye mwenye blogu. Akajaza tena, akatuma na picha ya kitambulisho chake. Mashine ikarudia maneno yale yale. Uso wake ulikuwa pale juu kwenye ukurasa ukitabasamu, na yeye hapa chini anaambiwa hajulikani. Wakati huo huo, shuleni, mtu alikuwa amelipata andiko la godoro.

Ilikuwa Marietha aliyekumbuka. "Yule Mhindi wako wa kafe," alisema, "si ndiye aliyekufungulia hiyo blogu? Ulisema mwenyewe, yeye na wewe mna funguo."

Kweli. Mwaka ule wa 2008 Ansbert hakujua hata pa kubonyeza. Muntazir Rahemtulla ndiye aliyeitengeneza, na kwa kuwa Ansbert alikuwa akisahausahau, alijiandikisha naye kama msimamizi. Kafe ilikwisha kufungwa, simu za mkononi zilipoua kafe zote. Ansbert aliuliza huku na huku katika maduka ya vifaa vya umeme hadi akapewa namba. Muntazir alikuwa amehamia Mbweni, kwenye nyumba mpya ya mwanawe.

Wakaenda Jumamosi kwa bajaji, baba na binti. Nyumba ilikuwa nyeupe, na bustani yake bado changa. Muntazir alikuwa mzee wa miaka sabini hivi, mwenye ndevu fupi na shati lililopigwa pasi vizuri. Alimkumbatia Ansbert kwa muda mrefu.

"Shikamoo," Vaileth alisema.

"Marahaba. Huyu ndiye Vai?" Alimtazama kama mtu anayemtazama mtu mashuhuri. "Nilikuona hujaota meno."

Dada yake Muntazir, Rubabbai, aliyekuja kukaa naye baada ya mkewe kufariki, alileta chai na kachori, akaketi kwenye kiti cha pembeni na kufuma kitambaa chake. Ansbert alieleza shida yao. Alieleza vizuri, bila kujitetea. Muntazir alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sitaweza."

"Umesahau nywila?"

"Nywila ninayo. Naingia kila Ijumaa." Aliweka kikombe chini. "Lubaba yumo humo, Ansbert. Hujui?"

Ansbert alijua, ila alikuwa amesahau. Lubaba, mke wa Muntazir, alikuwa akikaa kwenye meza ya kafe akipokea pesa, na wateja wakipungua alifungua Kibaraza na kuacha maneno. Katika maandiko mengi lilikuwemo neno lake. Alieleza namna ya kupika bajia zisinyonye mafuta, alimtania Ansbert, aliuliza hali ya mtoto. Alipougua aliendelea kuandika akiwa kitandani. Alifariki mwaka 2017. Simu yake ilipotea hospitalini, na sauti yake hawakuwa wameirekodi popote.

"Picha zake ninazo," Muntazir alisema. "Lakini picha haiongei. Humo anaongea. Anacheka. Ukinifutia, unanizikia mke mara ya pili."

Vaileth alikuwa amekuja na hasira iliyonyooka, na sasa hakukuwa na mtu wa kumkasirikia. Baba alikuwa na upweke wake, mzee huyu na mkewe. Wote walikuwa wamejijengea nyumba mle, na yeye ndiye aliyekuwa tofali.

"Nina njia," Muntazir aliendelea, akimgeukia kwa upole. "Naweza kuifungia. Itakuwa ya siri, haitaonekana na mtu duniani ila mimi. Rafiki zako wakiitafuta hawaikuti. Je, hiyo haitoshi?"

"Inatosha kabisa," Ansbert alisema upesi.

"Haitoshi," Vaileth alisema.

Wote wakamtazama. Hata Rubabbai aliacha kufuma.

"Nisamehe, mzee wangu. Sikatai kwamba marehemu yumo. Lakini na mie nimo. Ukiifungia, nitakuwa nimefungiwa humo na wewe. Kila Ijumaa utakuwa unanisoma nilivyokojoa."

"Vaileth," baba yake alisema.

"Mwache aseme," Rubabbai alisema. "Ni yeye aliyepigwa picha, si wewe."

Muntazir hakukasirika. Alinyanyuka, akaleta kompyuta yake ya mapajani, akaiweka mezani na kuifungua kama anayefungua kitu cha ibada. "Njoo basi nikuonyeshe," alisema. "Usimfute mtu usiyemjua."

Vaileth alisogeza kiti. Muntazir alimwonyesha bajia, akamwonyesha utani wa mvua ya 2011, akimtafsiria vineno vya Kikachi, lugha ya nyumbani kwao, ambavyo Lubaba aliviingiza. Vaileth alijikuta anacheka mahali pamoja. Kisha, bila kuomba ruhusa, aliuteremsha ule ukurasa hadi Desemba 2014. Alipolisoma andiko lile kwa simu ya mama yake hakuwahi kufika chini kwenye maoni. Kila mara picha ilimtosha. Sasa aliteremka. Ha ha ha nyingi. Mmoja wa Houston aliandika kwamba ameanguka kwenye kiti. Na la nane kutoka juu lilikuwa la Lubaba.

Alilisoma kwa sauti, polepole. "Ansbert, leo sikucheka. Mtoto anatazama kamera kama anayeuliza kwa nini. Msitiri mwanao. Huyu atakuwa msichana mkubwa na kusoma atajua."

Chini yake palikuwa na jibu la Baba Vai: "Hehehe, dada Lubaba, umekuwa mkali leo! Akikua tutacheka wote."

Ansbert alikuwa amekisukuma kiti chake nyuma. Alitazama sakafu, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

Muntazir aliondoa miwani yake. "Hilo nimelisoma," alisema. "Nimelisoma Ijumaa nyingi. Huwa nalipita haraka, kwa sababu hapo hakuwa na furaha. Nilikuwa namsoma Lubaba tu. Wewe sikukuona." Alipangusa vioo vya miwani. "Alisema msitiri, nami nimeuacha mlango wazi."

Rubabbai alimmiminia chai nyingine, ingawa ya kwanza hakuwa ameigusa.

"Nipe muda," Muntazir alisema. "Nimtoe kwanza. Macho yangu hayawezi kazi hiyo, na mwanangu hana subira. Ukinisaidia kumtoa, mkono wangu mwenyewe utaifuta."

Siku ile ile aliifunga isionekane, ili wanafunzi wasizidi kuchota, na kila Jumamosi Vaileth akawa anakwenda Mbweni kumtoa Lubaba. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Alinakili maneno ya marehemu moja moja kwenye faili lingine, na tarehe zake, na mzee pembeni akiuliza, "Hapo alisema nini?" ingawa alikuwa anajua. Ili kumpata Lubaba ilibidi apite kwanza juu ya nafsi yake mwenyewe. Kila neno la mama yule lilikuwa limening'inia chini ya jambo fulani la Vai. Kuna siku alirudi nyumbani hataki kula. Na kuna siku alimkuta Lubaba akieleza jinsi dawa za saratani zinavyobadilisha ladha ya maji, katika maoni ya andiko la kuchekesha kuhusu mbuzi, na hakuna msomaji hata mmoja aliyemjibu, wala Baba Vai. Alikaa akilitazama lile pengo chini ya maneno yake.

Walipofika kwenye maandiko ya godoro, Muntazir aliweka kiganja juu ya skrini. "Haya usininakilie," alisema. "Anashauri dawa, najua. Niachie nisiwe nayo."

"Ni maneno mengi, mzee. Karibu ukurasa mzima."

"Ni yako hayo."

"Na lile la Desemba?"

Mzee alifikiri. "Wewe unasemaje?"

Vaileth alilinakili. Alikata jina la andiko, akabakiza maneno ya Lubaba peke yake, na jibu la baba yake hakuliweka.

Walipomaliza, Ansbert alialikwa. Alikuja na shati la Jumapili. Muntazir alimwuliza kama anataka kubakiza chochote katika maandishi yake, maana kulikuwa na miaka kumi ya kazi mle, na mengine yalikuwa mazuri sana. Ansbert alimtazama binti yake, akatikisa kichwa. Alisema labda lile la senene. Kisha akasema basi, nalo liende. Muntazir alibonyeza, mashine ikauliza kama ana hakika, akabonyeza tena. Ukurasa ulipofunguliwa upya palikuwa peupe, na maandishi madogo yakisema blogu imeondolewa. Ansbert alijipangusa uso kwa leso kama mwenye jasho.

Vaileth alikuwa amengojea kuhisi wepesi. Hakuuhisi. Jumatatu yake alipoingia getini mama wa mihogo alimwita, "Malaika wangu, leo chumvi au pilipili?" Picha ilikuwa imekwisha kukaa katika simu za watu, na simu hazikuwa na msimamizi wa kuendewa Mbweni. Gladness alikuja kumwomba radhi, kwa dhati kabisa, akasema yeye amefuta kila kitu. Kisha kabla ya kuondoka akasahau, akamwita Malaika. Mwalimu Ferdinand alimpa kila mmoja alama zake, na kundi la Gladness likaongoza. Muhula ukaisha, mwingine ukaanza. Vaileth alijifunza kuitika jina lile bila kugeuza shingo, na alijifunza pia ni njia zipi za uwanjani hazina watu. Mwaka na kitu ulikuwa bado mbele yake, na kila asubuhi aliingia ndani yake na kufungiwa hadi kengele ya mwisho.

Nyumbani kitu kimoja kilibadilika. Sikukuu ya Pasaka alikuja mgeni, Adelard, binamu yake Ansbert kutoka Muleba, mtu wa vicheko, na baada ya chakula akaomba hadithi. "Wewe zamani ulikuwa hodari," alimwambia Ansbert. "Hebu tupe kisa cha huyu binti. Najua hukosi."

Ansbert alikuwa nacho. Vaileth alikiona kikija usoni mwake, nyusi zikipanda, mdomo ukijikusanya namna ile ya kwenye picha ya shati la mistari. Kisha baba yake akamgeukia.

"Vai, naweza kusimulia ile ya safari ya Bukoba?"

Hiyo haikuwa na aibu yoyote. Alikuwa na miaka mitano, aliongea na mbuni wa kahawa akidhani ni mtu. Meza nzima ilimtazama, mgeni tayari ameanza kutabasamu.

"Hapana," Vaileth alisema.

Adelard alidhani ni utani, akacheka kidogo, akangoja. Ansbert alivuta sahani ya ndizi, akamwongezea mgeni, na kumwuliza bei ya kahawa huko Muleba msimu huu imekaaje.